Saba ya Kizazi cha Pili

Asubuhi baada ya Wanzala kuuza randa yake ya umeme, majirani wa Kianda, Kibera, walidhani ameacha kazi ya majeneza. Randa ile ilikuwa ikilia tangu alfajiri kama mtoto aliyenyimwa uji, na siku ilipokosekana, ploti nzima iliamka imechelewa. Ruweida, mwenye nyumba, Mnubi mwenye maneno mengi na moyo usioweka kinyongo, alichungulia mlangoni mwa karakana akamkuta Wanzala anasukuma randa ya mkono, jasho linamdondoka juu ya mbao.

"Watu wameacha kufa, Wanzala?"

"Wakiacha wewe utakuwa wa kwanza kujua. Utakosa kodi."

"Basi randa iko wapi?"

"Imekwenda kumtafutia Lavender kompyuta."

Ruweida hakutania tena. Alijua kompyuta hiyo ilikuwa inashindana na nini.

Na kabla ya habari ya kompyuta, lazima ije habari ya sanduku. Wanzala alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Rachael, alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, akatuma picha, akatuma salamu, kisha akanyamaza, kisha akarudi ndani ya sanduku. Baba yake alikuwa amefunga vifuniko vya watu wengi katika Kibera hii, matajiri na maskini. Kwa mwanawe alitengeneza jeneza la mvule uliokauka vizuri, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu. Lakini sanduku lililotoka ng'ambo lilikuwa limezibwa, na wazee wakasema lisifunguliwe. Akamzika Rachael kule kwao Samia ndani ya mbao ya vumbi lililogandishwa kwa gundi, juu imebandikwa karatasi yenye picha ya mti. Mvua ilinyesha makaburini, na kabla pasta hajamaliza kuomba, karatasi ile ilianza kuinuka pembeni. Wanzala aliona, akaweka kiganja chake pale akaishikilia mpaka amina. Lile jeneza la mvule mkewe analitumia kuwekea mahindi huko kijijini mpaka leo. Mama huyo hakurudi tena Nairobi.

Akabaki Lavender. Alikuwa amejifunzia kazi kwenye sayba, duka la intaneti la Ruweida pale Makina: kukata na kuunganisha video za harusi, za ubatizo, na zaidi za mazishi. Barabara mpya ilipopita, sayba ilivunjwa, mashine zikauzwa kama chuma. Hapo ndipo kampuni moja ya mjini ilipojibu ombi lake la kazi. Wao hurekodi mazishi kwa ajili ya watoto walioko ng'ambo wasioweza kuja kuzika, na vijana huketi makwao wakipunguza hotuba za wanasiasa na kuyaacha machozi. Walimwambia awe na kompyuta yake. Jumatatu watamtumia mazishi ya majaribio, na kabla ya Ijumaa kwisha ayarudishe yamekamilika. Akifaulu, kazi ni yake.

Ijumaa hiyohiyo Boaz, wakala wa kupeleka wasichana Ghuba, alikuwa anangoja neno. Viza ya Lavender ilikuwa imetoka.

"Baba, sitaki kukudanganya," Lavender alikuwa amesema. "Nikipata hii ya hapa, siendi. Nikiikosa, naenda. Nitakaa nikila jasho lako mpaka lini?"

Ndiyo maana randa iliuzwa.

*

Duka la Githinji lilikuwa karibu na soko la Kawangware, limebanwa kati ya kinyozi na mama wa mitumba. Jumamosi baba na binti walitoka Kianda wakisukuma mkokoteni, wakapitia Olympic, wakavuka Ngong Road, wakashuka mpaka huko. Githinji alikuwa amekwisha kuwawekea masanduku mawili meusi juu ya meza, yakifanana kama pacha.

"Karibu, mzee wangu. Karibu, siz. Hizi zote ni Ex-UK, zimetoka maofisini Uingereza, hazijapigwa jua. Huyu ni i7, kizazi cha pili. Huyu ni i5, kizazi cha nne. Sisi hapa tunawaita Saba na Tano."

"Kilicho saba ni nini, na kilicho tano ni nini?" Wanzala akauliza.

"Ni prosesa, mzee. Ubongo. Hayo mengine yote unayoona ni mifupa na ngozi."

"Na ubongo gani una bei zaidi?"

"Saba."

Wanzala akamgeukia bintiye. "Mama, wewe unasemaje?" Alimwita mama kwa sababu alipewa jina la kinyumbani la mama yake Wanzala.

Lavender alikuwa amesoma mambo haya kwenye simu kwa muda mrefu. Alisema polepole, ili baba yake asiaibike kutoelewa. "Saba inagawa kazi kwa mikono minane, Tano kwa minne. Lakini mkono mmojammoja wa Tano ni mwepesi zaidi. Tano haipati joto sana, haili umeme sana, na bei yake iko chini, tungebakisha kitu. Tena Tano inajua amri mpya. Saba ilitengenezwa kabla ya hizo amri kuletwa."

"Amri za nani?"

"Za programu za siku hizi, baba."

"Mashine inaamriwa na mtu. Mtu mwenye mikono minane utamwamrisha nini ashindwe?"

Githinji akacheka. "Mzee, ukikosa kazi ya seremala uje tuuze mashine pamoja."

Wanzala alikaribia ile Saba, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Ndivyo alivyofanya kwa kila mbao maishani mwake. Saiprasi mbichi inapendeza macho, inanukia, lakini ukiifanyia jeneza leo, kesho kifuniko kimepinda, na gari la mazishi halijafika hata Webuye. Mbao iliyokaa ghalani miaka imekwisha kupinda kupinda kwake, imekwisha kupasuka kupasuka kwake. Iliyobaki hapo haitakudanganya. Aligonga ile Tano pia. Akatikisa kichwa.

"Hii ya nne bado mbichi," alisema.

"Baba, si mbao."

"Kila kitu ni mbao, mama. Kinachotofautiana ni mti."

Githinji, ili kukata maneno, alisema wazishindanishe. Zote mbili zipewe video moja, ziigeuze, aonekane nani mwanamume. Lavender akatoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu yake. Video aliyokuwa nayo, ndefu ya kutosha kutoa jasho, ilikuwa ya kanisani: harambee ya kumuaga Rachael alipokuwa anasafiri. Hakuwa ameichagua kwa ubaya. Ndiyo iliyokuwepo.

Zikaanza. Mistari miwili ya kijani ikawa inatambaa kwenye vioo viwili. Mama wa mitumba aliacha nguo zake akaja kutazama. Kinyozi naye akaja na mashine ya kunyolea mkononi, mteja amebaki nusu kichwa huko.

"Mimi niko na Tano," alisema kinyozi.

"Wewe kila siku uko na wanaoshindwa," mama wa mitumba akamjibu. "Hata timu yako."

Mwanzoni zilikwenda sambamba. Halafu Saba ikachomoka kidogo, feni yake ikivuma, Tano ikifuata kimyakimya kama mtu aliyesimama kufunga kamba za kiatu. Saba ikamaliza. Kabla Tano haijafika, kwenye kioo cha Saba picha ilikuwa imekwisha kufunguka, na Rachael akatokea amevaa kitenge cha njano, anacheza mbele ya madhabahu, anacheka na mtu asiyeonekana.

Kinyozi alitaka kusema neno, akaona uso wa mzee, akarudi kwa mteja wake.

Wanzala alitazama mpaka video ikaisha. Kwenye kioo cha Tano Rachael naye akaja, na kitenge chake kilekile, kicheko kilekile. Lakini baba alikuwa hatazami tena huko.

"Tunachukua hii," alisema, mkono wake juu ya Saba.

Lavender alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba programu waliyotumia hapo ni ya zamani, kwamba mbio za leo si kazi ya Jumatatu. Lakini pesa iliyokuwa mfukoni mwa baba yake ilikuwa ni randa, na randa ilikuwa ni mgongo wake. Kwao, mtoto hambishii baba juu ya chombo chake cha kazi mbele ya wageni. Akafunga mdomo.

Waliilaza kompyuta juu ya mkokoteni na kuifunika kitambaa cha zambarau kilichokuwa humo, kile cha kufunikia majeneza. Njiani watu waliwapisha. Mzee mmoja hapo Olympic alivua kofia. Mwanamke aliyebeba mtungi alisimama kando, akafanya ishara ya msalaba.

"Wanadhani tumebeba mtoto," Lavender alisema akijaribu kucheka.

"Waache. Heshima haiozi."

Walipokaribia nyumbani, Lavender akasema, "Baba, kitendawili."

"Tega."

"Nina ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja mbio, mmoja masikio. Nimtume yupi mjini?"

Wanzala alifikiri, akisukuma. "Mwenye mbio."

"Hapana. Nipe mji."

"Nakupa Kisumu."

"Kisumu sitaki, kuna joto."

"Basi chukua Nairobi yote, pamoja na matope yake."

"Nimechukua. Lakini jibu nitakupa baadaye." Na kweli hakulitoa, maana walikuwa wamefika, na Ruweida alikuwa amesimama mlangoni anapiga vigelegele kwa ajili ya kompyuta.

*

Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha. Lavender aliweka mashine kwenye kona ya chumba, mbali na karakana ili vumbi la mbao lisiingie kwenye feni. Alipoitumia kukata video za kanisani kwa programu yake ya zamani, Saba ilizimeza kama mtu mwenye njaa. Wanzala alikuwa akisimama nyuma yake na kikombe cha chai, hasemi kitu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Joto lilikuwa jingi, kweli. Mabati juu, Saba chini. Lakini nani amewahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya joto?

Jumatatu mazishi ya majaribio yalifika, na pamoja nayo barua pepe. Kampuni ilitaka kila mtu atumie programu yao, toleo jipya, ili kazi za watu wengi ziweze kuunganishwa. Lavender akaanza kuipakua. Umeme ukapotea, ukarudi. Vifurushi vya intaneti vikaisha, vikanunuliwa vingine. Jumatano jioni programu ikawa imeshuka yote. Akaiamuru ifunguke.

Kidirisha kidogo kikatokea katikati ya kioo. Kilisema kwamba prosesa ya kompyuta hii haina amri zinazohitajika, na programu haiwezi kuanza.

Alizima, akawasha. Kidirisha kikarudi. Aliiondoa programu, akaiweka upya. Kidirisha. Kilikuwa na kitufe kimoja tu cha kubonyeza, cha kukubali.

Nyuma ya ukuta wa mabati randa ya mkono ilikuwa ikienda na kurudi, kwaa, kwaa, na pumzi ya baba yake katikati.

Alhamisi asubuhi alikwenda Kawangware peke yake. Githinji alipomwona anakuja mikono mitupu, alijua si salamu.

"Niaje siz. Imekufa?"

"Haijafa. Inakataa programu. Haina zile amri. Nipe Tano, uchukue Saba, na kilichozidi ukae nacho."

"Tano ilitoka Jumamosi hiyohiyo. Aliichukua mwalimu mmoja wa kule Wanyee."

"Basi nitafutie prosesa tu ya kizazi cha nne, niichomeke kwa ile ya nyumbani."

Githinji alisikitika kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alichukua prosesa mbovu mbili kutoka kwa kopo la mafuta ya kupikia, akampanulia kiganja. "Ona. Miguu haishikani. Cha pili kina kitanda chake, cha nne kina kitanda chake. Ukilazimisha unavunja. Labda mzigo mwingine, wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa wapi?"

"Siz, mimi nilimuuzia mzee alichotaka."

"Najua. Sijakulaumu."

Alipita kwenye sayba za Olympic akiuliza mashine. Zilikuwepo, lakini kuukuu kuliko hata Saba, na wenyewe hawakukubali mtu wasiyemjua ajaze mazishi ya watu kwenye mashine zao siku nzima. Akaiandikia kampuni, akaomba aongezwe siku chache. Walijibu upesi na kwa adabu: wenzake walikuwa wamekwisha kurudisha kazi, nafasi zimejaa, wanamtakia kila la heri.

Wanzala alimkuta ameketi mbele ya mashine, mikono mapajani, feni inavuma.

"Umeshamaliza, mama?"

"Imenimaliza, baba."

Akamweleza. Mzee alivuta kigoda, akakaa, akawa anakitazama kile kidirisha kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba.

"Kwani imechoka? Haina nguvu?"

"Nguvu inazo."

"Basi?"

"Inaambiwa neno ambalo haikufundishwa. Haisikii. Ile Tano ingesikia."

Wanzala alisogeza kigoda karibu na kioo. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. "Kwa hiyo ndugu mwenye masikio," alisema, "ndiye wa kutumwa mjini."

"Ndiye, baba."

"Na ulijua tangu kule."

"Nilijua kidogo. Sikuwa na hakika. Na wewe ulikuwa umeshaweka mkono."

"Ungeusukuma mkono wangu."

"Mbele ya watu?"

Wanzala alinyoosha kidole, akakigusa kioo pale penye kidirisha, taratibu, kana kwamba anajaribu kuona kama kinatoka. "Kaa," alisema mwisho. "Fanya za hapa kwetu na hiyo programu yako ya zamani. Hapa watu wanakufa kila siku."

"Wafu wa hapa hawalipi, baba. Wewe mwenyewe unajua. Nusu ya majeneza yako yametoka kwa ahadi."

Ijumaa akampigia Boaz.

*

Kabla hajasafiri, Lavender alitumia jioni zake kumfundisha baba yake kompyuta. Ruweida alileta kamera ndogo iliyobaki wakati sayba yake ilipovunjwa, wakaibana juu ya kioo. Saba ilikuwa mashine nzuri kwa kazi hiyo. Picha haikukatika, sauti haikukwaruza.

"Bonyeza hapa, baba. Halafu hapa. Ukiuona uso wako, usishtuke, ni kamera. Halafu ngoja."

"Ningoje namna gani?"

"Ngoja tu. Ni mimi nitapiga. Jumapili, ukitoka kanisani."

"Na nikibonyeza pasipopaswa?"

"Hutaharibu kitu. Ni ngumu hiyo, ni mbao kavu," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, kila mmoja akitazama upande wake.

Aliondoka asubuhi, na begi moja. Wanzala alimsindikiza mpaka kwa gari la Boaz. Alitaka kumwambia maneno mengi ya baba, lakini wasichana wengine walikuwa ndani wanamngoja, wamejipaka poda. Akamwambia, "Ukila, kula ushibe." Mlango ukafungwa.

Jumapili ya kwanza ilifika. Wanzala alirudi kutoka kanisani na hakuvua koti. Aliifuta kompyuta kwa kitambaa safi, akaketi, akabonyeza hapa, halafu hapa. Uso wake ukatokea kwenye kioo, mkubwa, wazi kabisa. Saba ilimwonyesha kila unywele mweupe na kila alama. Akanyoosha mgongo. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Feni ikavuma.

Jua lilisogea juu ya mabati. Watoto wa ploti walipita wakicheza, akawanyamazisha kwa mkono bila kugeuka.

Ruweida aliingia na sahani ya mandazi. "Amepiga?"

"Bado."

"Labda mtandao wao."

"Labda."

"Au bado hawajampa simu. Wengine huchukua simu za wasichana mwanzoni, halafu wanarudisha. Hata Rachael si walimchukulia..." Akajikatiza, akaweka sahani chini. "Zima upumzike kidogo, Wanzala. Nyumba imekuwa tanuri. Akipiga tutasikia kwa simu."

"Hakusema simu. Alisema hapa."

Ruweida alivuta kigoda, akataka kuketi mbele yake.

"Sogea kando kidogo," alisema Wanzala. "Ukikaa hapo hataniona."

Akasogea. Wakakaa hivyo, mandazi yakipoa, mtu na mwenye nyumba wake, wakitazama kioo ambamo wazee wawili walikuwa wamekaa kimya wakiwatazama.